Toa leseni, usitoe mkono

Juzi nilikuwa namfundisha mpwa wangu kuendesha gari, hapa Minnesota. Kuegesha anajua, kurudi nyuma anajua. Tukafikia somo lisilokuwemo kwenye kitabu cha udereva: ukisimamishwa na polisi. Nikamwambia mikono juu ya usukani, usiguse kitu. Akauliza, "Sasa mjomba, akinidai leseni nayo iko mfukoni?"

Nikakosa jibu. Tulikuwa Larpenteur Avenue, barabara ileile alikouawa Philando Castile na askari.

Castile alikuwa na miaka 32, akisimamia chakula cha watoto katika shule moja ya St. Paul. Julai 6, 2016 alisimamishwa. Sababu ya mdomoni ilikuwa taa ya breki. Ya moyoni, pua yake pana ilimkumbusha askari mshukiwa wa ujambazi. (Pua pana! Kwa kipimo hicho ukoo wetu wote tungelala ndani.) Akadaiwa leseni na bima. Bima akaitoa. Kisha akasema kwa adabu: bwana, sina budi kukwambia nina silaha. Kibali alikuwa nacho. Akaambiwa asiitoe, akajibu siitoi. Risasi saba. Mpenzi wake kando, mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma.

Juni 16, 2017 juri, yaani raia 12 walioamua kesi, ikasema askari hana hatia.

Zamani niliwalaumu wale 12. Siku hizi nailaumu rula waliyokabidhiwa. Mwaka 1989, katika kesi ya Graham, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema tendo la askari lipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa palepale, si kwa ujuaji wa baada ya tukio. Graham mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kisukari. Aliingia dukani kutafuta juisi ya machungwa, akakuta foleni, akatoka mbio. Askari akamshuku, na hadi wanamwachia alikuwa amevunjika mguu. Juisi, jamani! Ilikuwa kesi ya madai na hakufa mtu, lakini maneno yake yamepenya mpaka kwenye kesi za jinai.

Kizimbani busara hiyo hugeuka hofu. Askari anasema niliogopa, na juri inajiuliza kama hofu yake inaeleweka. Inaeleweka, nani asiyeogopa bastola? Lakini hofu ya Castile ilipimwa na nani? Kaamriwa atoe leseni na wakati huohuo asisogeze mkono, halafu yeye ndiye aliyetakiwa kutulia kuliko mtu aliyefunzwa kazi hiyo na kulipwa mshahara!

Mtaniambia askari Derek Chauvin alifungwa. Sawa, hilo nawapa. Goti dakika tisa na ushee juu ya shingo ya George Floyd mpaka akafa, watu wakimsihi askari. Angesema aliogopa nini? Ila Walter Scott alipigwa na askari risasi za mgongo akikimbia, video ipo, na Desemba 2016 juri ya South Carolina ikashindwa kuafikiana.

Mpwa wangu bado alikuwa akinitazama. Nikamwambia basi, kila safari leseni aiweke juu ya dashibodi kabla ya kuwasha gari.

"Na ikidondoka chini, mjomba?"