Hii Ndiyo Baiskeli Yangu ya Kweli

Juzi rafiki yangu wa siku nyingi, mwenzangu wa safari za baiskeli tangu ujana, aliitazama baiskeli yangu ya matairi matatu kuanzia kiti cha kuegemea mpaka pedeli zilizo kule mbele, akaniambia kwa upole: "Pole, ndugu yangu. Ukipona kabisa utarudi kwenye baiskeli ya kweli." Hakuwa na nia mbaya. Lakini neno hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Baiskeli ya kweli ni ipi? Goti langu ni la bandia, la chuma na plastiki, mwezi wa saba sasa tangu nipasuliwe. Wiki za mwanzo nilikuwa nahesabu digrii za goti kukunjika kama mtu anayehesabu akiba: 70, 80, 85. Baiskeli ya kawaida hutaka goti likunjike kama digrii 110 ndipo pedeli imalize mzunguko. Nilipokwama kwenye 95, kila aliyenitembelea alinihimiza nivumilie, nilikunje kwa nguvu. Nikalikunja. Likavimba, nikakesha na barafu, na asubuhi likakunjika pungufu ya jana. Ndiyo maana nasema: baiskeli ilifuate goti, si goti liifuate baiskeli!

Hesabu yenyewe ni ndogo. Mikono ya pedeli, yaani vile vyuma vinavyobeba pedeli, kwa kawaida ina urefu wa milimita 170. Mimi nilifungiwa ya 150. Ukikata milimita 20 kwenye mkono, duara la pedeli linapungua upana kwa milimita 40. Sogeza pedeli mbele milimita 20 ili mguu uendelee kunyooka vilevile, na pale goti linapobanwa zaidi utakuwa umepata sentimita 4. Sentimita 4 nzima! Kwangu zilitosha pedeli iliyogoma ikazunguka. Baiskeli ya kawaida nayo hubadilishwa mikono, sikatai. Lakini bado utauvusha mguu juu ya fremu, na ukisimama ghafla utautupia uzito wote mguu uleule mgonjwa.

Mara ya kwanza nilifunga breki nikazungusha kinyumenyume, kama nilivyofundishwa kwenye mazoezi ya viungo. Pedeli ilifika karibu na kifua ikasita. Ngozi ya pembeni mwa kovu ikavutika, ikang'aa. Nikarudi, nikajaribu tena, nikarudi. Mara ya sita au ya saba ikapita. Sikusikia maumivu, nilisikia mnyororo tu, tiki tiki tiki, na machozi yakanitoka. Kisha nikaachia breki.

Na hilo neno "ya kweli" lina historia. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alivunja rekodi ya umbali unaoendeshwa kwa saa moja jijini Paris, zaidi ya kilomita 45, juu ya baiskeli ya kuegemea iliyoundwa na Charles Mochet. Mwaka uliofuata wakubwa wa mchezo huo duniani wakaamua kwamba baiskeli ya namna ile haihesabiki. Walioshindwa waliona kosa ni la baiskeli.

Haya, nikubali yaliyo ya kukubali. Kiti kiko chini mno, na kuinuka kulinitesa mwezi mzima mpaka nikajifunza kushika fremu kwa mikono yote miwili. Mlimani ni nzito. Na usithubutu kuiendesha bila kufunga miguu kwenye pedeli au kuwekea visigino mikanda: mguu ukichomoka ukagusa ardhi, baiskeli inauvuta chini yake na kuukanyaga huku ikiendelea kwenda. Hilo nawasihi.

Lakini anayeniambia nisubiri kupona ndipo niendeshe hajaelewa ninaponea wapi. Kutembea huligandamiza goti kwa mara mbili hata tatu ya uzito wa mwili. Kuendesha kwa gia nyepesi ni chini ya hapo kwa mbali. Jana nimepima tena: digrii 118. Mikono ya milimita 170 ningeweza kuirudisha kesho. Siirudishi. Nimempigia rafiki yangu simu, nimemwomba aje Jumamosi na baiskeli yake, tuanze alfajiri pamoja.