Chungu Kisichopikiwa

Majuzi huko Shela, Lamu, nilishika chungu kilichofinyangwa kwa mkono, bila gurudumu: tumbo limekwaruzwa hadi likafanana na tumbawe, shingo imepinda kama mzizi wa mkoko. Bei yake, ya mbuzi. Shangazi yangu alikigonga kwa kidole akauliza, "Mwanangu, hiki hupikiwa nini?"

Swali si la ushamba. Kwetu chungu, mtungi na chetezo vina kazi. Mtungi hupoza maji kwa sababu udongo wake una vitundu: maji hupenya taratibu, na yakikauka kwa nje huondoka na joto. Sifa hiyohiyo ilinitia hasara. Nilikinunua (ndiyo, nilikinunua), nikatia maji na vishada viwili vya asumini, na kabla ya isha meza ilikuwa na duara la maji. Muuzaji alikiita chombo cha maua. Kama udongo haukuzibwa, angesema.

Wanaodai kwamba mikwaruzo ni mambo ya wageni siwafuati. Vigae vya karne ya 8 vilivyofukuliwa Shanga, kisiwani Pate, vina pembetatu zilizochorwa udongo ukiwa bado mbichi. Na zidaka, vile vishubaka vya ukutani katika nyumba za Lamu, zilipangwa sahani za kauri za China zitazamwe. Shangazi hakubali: sahani ile, asema, akija mgeni ingeteremshwa ikapakuliwa wali. Hapo sina jibu kamili.

Kinachonikera zaidi ni kazi mbovu kujificha nyuma ya sura ya "asili". Mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, hujenga vyungu vyake kwa mkono, haviwekei glezi, ule mpako wa kioo, huvisugua mpaka ving'ae. Juu ya ngozi ile hata unywele wa ufa ungeonekana. Havipikiwi, na hakuna anayeuliza. Uso wenye makovu huficha mengi. Ukuta mnene usiokauka vizuri hupasuka motoni, ndiyo maana wafinyanzi huchanganya mchanga au vigae vilivyosagwa. Kwa hiyo mimi huingiza mkono ndani kwanza, nipapase mahali shingo ilipoungwa na tumbo. Changu kiliungwa vizuri, sikionei.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na bei ya mbuzi ilinifanya nijiulize nani amekula nyama. Nilikipindua kutafuta jina la aliyekifinyanga. Chini palikuwa na karatasi ya bei tu.