Mwimbaji Aliyeshikwa na Kwikwi Sebuleni Kwangu

Kwa kuwa swahiba wangu ameshaieneza habari hii katika kundi la jumuiya kwa ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba ya bajeti, na kwa kuwa katika simulizi yake mimi ni mtu aliyewaalika wazee wa heshima kuja kusikiliza milango, nimeona ni haki yangu niandike mwenyewe, kwa utulivu, kabla habari haijavuka bahari na kumfikia mama yangu Tanga. Mlioko kundini mnajua kile kikao cha kuchangia harusi sebuleni kwangu na michango iliishia wapi, kwa hiyo mambo ya harusi sitayarudia. Nitaeleza mambo ya amplifaya, chombo kinachozipa spika nguvu, ambayo yeye ameiita “kale kadude” na kuendelea na vicheko vyake, ilhali msiba wote umo ndani ya kale kadude.

Kwanza, ile si milango. Ni spika za Magnepan, aina ya LRS, na kila moja ina urefu wa sentimita 122, upana wa sentimita 37 hivi na unene wa inchi moja tu. Hazina boksi wala zile koni za karatasi mlizozizoea. Ndani yake mna utando mwembamba wa plastiki uliobandikwa tepe za alumini mbele ya safu za sumaku, na umeme wa muziki unapopita katika tepe hizo, utando mzima hutetemeka na kutoa sauti mbele na nyuma kwa pamoja. Zilitengenezwa White Bear Lake, hapa hapa Minnesota, Marekani, tunakopigwa na baridi, na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1969 na Jim Winey, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya 3M. Swahiba wangu anapita kwenye barabara kuu ya kuelekea huko kila siku anapokwenda kazini, lakini siku ya kwanza alipoziona kwangu alilitundika koti lake la theluji kwenye spika ya kushoto. Nilipomweleza kwa upole kwamba hiyo ni spika, aliomba radhi, akalihamishia kwenye ya kulia.

Zilipotoka mwaka 2019, jozi moja iliuzwa dola 650, bei ambayo kwa watu wa fani hii ni kama sadaka. Mimi nilizipata kwa mtu aliyekuwa anahama, kwa pungufu ya hapo, nikarudi nyumbani ninaimba. Sikuwa nimeelewa bado kwamba spika hizi ni rahisi kununua na ghali kulisha.

Nitaeleza kwa kifupi, na ninyi mnaonifuata kwa ajili ya mapishi ya pweza nawaomba mvumilie aya moja au mbili. Spika hizi zina ukinzani wa omu 4, na ukizipa volti 2.83 zinatoa desibeli 86 za ukubwa wa sauti kwa umbali wa mita moja. Kwenye spika ya omu 8, volti hizo ni wati 1. Kwenye omu 4 ni wati 2, kwa sababu mkondo wa umeme unakuwa mara mbili. Kisha kila desibeli 3 unazotaka kuongeza zinadai nguvu mara mbili: wati 4 zinakupa 89, wati 8 zinakupa 92, na ukifika 101 umeshatumia wati 64 kwa kila spika, nawe bado umekaa mita moja tu kutoka kwenye spika, hujapeleka sauti kwa mjomba aliyejibanza karibu na sambusa. Ndiyo maana wenye spika hizi hawaulizani amplifaya ina wati ngapi na kunyamaza. Wanaulizana inatoa wati ngapi kwenye omu 8 na ngapi kwenye omu 4, kwa kuwa amplifaya yenye kifua hukaribia kuzizidisha mara mbili kwenye omu 4, na isiyo na kifua hubaki palepale au huzima.

Haya yote niliyajua, jambo ambalo swahiba wangu hakulisema, labda kwa sababu lingezidisha kicheko. Niliyatafuta yale madubwana ya amplifaya za zamani, aina iitwayo daraja AB, yenye transfoma ya kubebwa na watu wawili, lakini mama watoto alitaka kujua mtu wa pili atakuwa nani. Niliipekua risiva yangu ya siku zote, nikakuta nyuma yake pameandikwa kwamba isiunganishwe na spika iliyo chini ya omu 8, onyo ambalo mimi, mtu wa sheria, niliamua kulitii. Amplifaya za daraja D, zile nyepesi zisizopoteza umeme mwingi kwa joto, zenye moduli za kampuni ya Hypex, zilinivutia sana hadi nilipoona bei. Ndipo nikakutana na kale kadude.

Kalikuwa kadogo kuliko sahani ya wali, chuma cheusi, vitufe vitatu mbele: sauti, sauti nyembamba na besi. Juu yake pameandikwa kwa rangi ya dhahabu “300W + 300W”, na bei yake ilikuwa ndogo kiasi cha kunifanya nione huruma kwa watu wanaonunua transfoma. Chini ya adapta yake, kwa maandishi ambayo fundi saa angehitaji miwani kuyasoma, paliandikwa volti 32, ampia 5. Mwanafunzi wa darasa la tano atawaambia kwamba 32 mara 5 ni 160. Hizo wati 160 ndizo zote, za pande mbili kwa pamoja, kabla joto halijachukua zaka yake. Wati 600 za dhahabu zilikuwa zitoke wapi, muuzaji hakusema, nami sikuuliza.

Mtasema ningeijaribu kwanza. Niliijaribu, tena kwa usiku mwingi mfululizo, watoto wakiwa wamelala, udi na ganuni vikisikika kwa unyenyekevu, na naapa kwamba ilikuwa raha tupu. Mwimbaji alisimama katikati ya spika mbili, mahali pasipo na kitu, nikawa nasikia hata anavyovuta pumzi. Sasa najua kwamba usiku ule wote nilikuwa natumia wati 1 au 2, na kwa wati 2 hata redio ya mkulima ingejiona mfalme.

Siku ya kikao ikafika. Niliziweka spika mbali na ukuta kama zinavyotaka, na katikati yake nikaweka kistuli chenye sinia ya michango, kwa hesabu zangu kwamba mtu akivutwa na sauti atajikuta amefika kwenye sinia. Mweka hazina alikaa kando na daftari. Mzee wetu wa Pangani, ambaye yuko huku kwa mwanawe kwa muda na ndiye aliyekuwa mgeni wa heshima, aliketishwa kiti cha mbele.

Hapo ndipo nilipotoa hotuba. Ingekuwa afadhali kwangu kama ningenyamaza, lakini nilisimama mbele ya watu wazima na kusema, kwa maneno yaliyopangwa tangu asubuhi, kwamba wageni wetu walikuwa wamezoea masabufa yanayopiga kelele za boksi, na kwamba leo wangesikia sauti ya binadamu kama ilivyo. Nilimgeukia mzee nikamwambia, “Mzee wangu, sasa utamsikia mama huyu kana kwamba amesimama hapa mbele yako.” Mzee aliitikia kwa kichwa, akavua kofia, akaikunja gotini.

Nikaweka taarabu. Vinanda vikaingia, watu wakatulia, na kwa muda wa ubeti mmoja nilikuwa mtu mwenye heshima kubwa kuliko wote katika jimbo la Minnesota. Mwimbaji akaingia. Shangazi wa bwana harusi akatoa mlio wa “eeeh!”, akasimama, akajifunga leso kiunoni, akachomoa noti ya dola 20 na kuinyanyua juu kwa vidole viwili, tayari kwenda kutunza. Kila mtu aliona kwamba mpango wa kistuli umefanikiwa.

Ni wakati huohuo swahiba wangu, aliyekuwa amesimama karibu na kale kadude kwa kisingizio cha kuchukua kashata, alinyoosha mkono na kukizungusha kitufe cha besi hadi mwisho. Katika ujumbe wake wa sauti jambo hili halimo. Nimeusikiliza tena na tena, halimo. Nawaombeni mwelewe uzito wake: kuongeza besi kwa desibeli 10 ni kudai nguvu mara 10 katika sauti hizo nzito, na vitufe vya aina hii vinaweza kufika hapo bila kuona haya. Kisha akaongeza na sauti.

Gitaa la besi likapiga noti moja. Utando wa spika ukavuta pumzi. Adapta ikaangalia iliyonayo, ikaangalia inayodaiwa, ikajizima ili isiungue, kama ilivyofundishwa kiwandani. Kimya. Shangazi akiwa na mguu mmoja mbele na noti hewani, akasimama hivyohivyo. Nilipiga hatua moja kuelekea mezani. Adapta, ilipoona hakuna tena anayeidai, ikajiwasha. “Tik.” Mwimbaji akatoa silabi mbili, “Mpe—”, besi ikarudi, adapta ikazima. Shangazi alikuwa ameshapiga hatua nyingine kwa silabi hizo mbili. Akasimama tena, safari hii kiuno kikiwa kimekwenda upande. “Tik.” “—nzi wa—.” Kimya. “Tik.” “—mo—.” Kimya.

Natamani ningeweza kusema kwamba nilizima mara moja. Ukweli ni kwamba niliduwaa. Kuna sehemu ya akili yangu iliyokuwa inahesabu ampia, kwa kuwa wati 200 kwenye omu 4 ni ampia 7 kwa spika moja, na sehemu nyingine iliyokuwa inamtazama shangazi akisonga mbele kwa vipande, silabi kwa silabi, huku noti ikitetemeka juu, mweka hazina akiwa amenyanyua kalamu na kuishusha, na kuinyanyua, na kuishusha. Watoto nyuma ya spika, ambako sauti hutoka vilevile, walianza kupiga makofi kila ilipokatika. Hakuna mtu mzima aliyecheka. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba walikuwa wananistahi.

Ndipo mzee wa Pangani, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kwa makini tangu mwanzo, akaweka mkono gotini pangu na kuniambia kwa sauti ya huruma, ya mtu anayeijua adabu ya wageni:

“Mwanangu, huyu mama ameshikwa na kwikwi. Mpeni maji kwanza, ataimba baadaye.”

Mnajua kilichofuata. Swahiba wangu alilala chini. Namaanisha alilala chini, kwenye zulia, na ndiyo picha mliyoiona kundini. Shangazi aliishusha noti polepole, akaitazama, akaikunja, akairudisha kifuani, na mweka hazina akaifunga daftari. Ule mstari usiojazwa katika hesabu za michango, ambao watu wengine wameuulizia kwa heshima, ni huo.

Yaliyobaki hayana maelezo mengi. Tulimaliza kikao kwa spika ya bluututhi ya binti yangu, ya rangi ya waridi, yenye masikio ya paka, ambayo haikukatika hata mara moja. Kale kadude kalirudishwa kwa muuzaji, akanijibu kwamba wati 300 ni “za kilele”, bila kusema kilele cha mlima gani. Nikafanya nilichoshauriwa zamani na watu wenye spika hizi wasio na fedha za fahari: nikaenda kwenye amplifaya za kumbi na makanisa, nikapata Crown XLS 1502 iliyotumika kidogo, ambayo inatoa wati 300 kwenye omu 8 na wati 525 kwenye omu 4, na ina feni, na ina sura ya kifaa kilichokuja kufanya kazi na si kusifiwa. Ina matundu ya RCA, yale ya waya za vyombo vya muziki vya nyumbani, kwa hiyo sikuhitaji kununua waya mpya. Mama watoto aliiweka juu ya rafu kwa mkono mmoja, bila kusema neno, na kutosema kwake nilikusikia vizuri sana.

Kuhusu mzee, ameshanipigia kuulizia hali ya yule mama, nami nimemhakikishia kwamba amepona.

Jana jioni kamati ya harusi ilikaa bila mimi, ikamchagua swahiba wangu kuwa mwenyekiti wa burudani, kwa hoja kwamba ana uzoefu wa vyombo. Leo asubuhi amenitumia ujumbe rasmi, wenye salamu na cheo chake kipya chini, akiomba kuazima amplifaya kwa ajili ya ukumbi. Nimemjibu kwamba ataipata, ipo tayari, na kwamba haina kitufe cha besi.