Makapi ya miwa na umeme wa kiangazi

Mama yangu akishaipua ugali hazimi moto. Juu ya makaa yaliyobaki anainjika sufuria ya maji ya kuoga, na kopo lile lile la mkaa linakuwa limefanya kazi mbili. Ukilielewa jiko la mama, umeelewa mtambo wa kuzalisha umeme na joto kwa pamoja.

Mtambo wa kawaida wa mvuke unachoma kuni au makaa ya mawe, maji yanachemka, mvuke unazungusha tabaini, jenereta inatoa umeme. Kinachofika kwenye nyaya ni takribani theluthi moja tu ya nishati iliyochomwa. Iliyobaki inapotelea kwenye minara ya kupozea na dohani. Mtambo wa pamoja unauachia mvuke utoke kwenye tabaini ukiwa bado na nyuzi 120 au 130, kisha unaupeleka kufanya kazi ya pili. Umeme unapungua kiasi, hilo ni kweli. Lakini jumlisha umeme na joto, utakuta hata asilimia 80 ya nishati imetumika.

Denmark joto hilo linapitia mabomba ya chini ya ardhi hadi majumbani. Huku kwetu watu huniuliza: Dar es Salaam nani ana shida ya joto? Viwanda vinayo. Sukari, chai, bia, nguo, mbao za kukausha, vyote vinahitaji mvuke kila siku. Sharti ni mtumiaji awe jirani, maana umeme wa bwawa la Kidatu unafika Mwanza kwa waya, ila joto likisafirishwa mbali linapoa njiani.

Ndiyo maana viwanda vya sukari vinanigusa sana. Niliwahi kuingia kimojawapo wakati wa msimu, nikachota konzi ya makapi, mabaki ya miwa iliyokamuliwa, yaliyotoka kwenye kinu muda huo huo. Yalikuwa ya uvuguvugu, laini kama pamba iliyolowa, na yananukia utamu unaoanza kuchacha. Karibu nusu ya uzito wake ni maji, lakini yakimwagwa tanurini yanawaka vizuri. Tani moja ya miwa inaacha kilo 250 hadi 300 za makapi. Mvuke wake unazungusha tabaini kwanza, halafu unakwenda kuchemsha juisi ya miwa mpaka igande kuwa sukari.

Kinachoniuma ni hiki: viwanda vingi vya zamani vilijengewa boila (mitungi ya kuchemshia maji yawe mvuke) za presha ndogo, zinazokula makapi mengi na kutoa umeme kidogo, kwa sababu makapi yalionekana uchafu wa kuondolewa. Boila za presha kubwa, ya bar 60 hadi 80, zinaweza kubakiza uniti 100 au zaidi za kuuza kwa kila tani ya miwa. Kakira, kiwanda cha sukari kule Jinja, wana mtambo wa megawati 52 na wanaiuzia gridi ya Uganda. Hapa nyumbani TPC, kiwanda cha sukari cha Moshi, wamekuwa wakiiuzia TANESCO ziada yao. Kwa nchi yenye miwa kama yetu, bado ni kidogo mno.

Halafu tazama kalenda. Viwanda vinasimama wakati wa masika, miwa haivuniki kwenye tope. Vinaanza kukamua kuanzia Mei au Juni na kuendelea kiangazi chote, miezi ile ile ambayo mabwawa yetu yanashuka. Tuliokaa gizani kwenye mgawo wa 2006 na 2011 tunajua kina cha maji kikipungua Mtera maana yake nini kwa fundi cherehani na muuza samaki. Bwawa la Nyerere, pamoja na megawati zake 2,115, nalo linategemea mvua.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. TANESCO iwape wazalishaji hawa mikataba mirefu yenye bei inayoweza kulipa mkopo wa boila mpya, maana hakuna benki itakayokopesha kwa bei ya kubahatisha. La pili ni la wakulima wa nje, wale wa Kilombero na Mtibwa wanaopeleka miwa kiwandani kwa trekta. Hulipwa kwa sukari iliyomo kwenye muwa. Mauritius mkulima analipwa kwa ajili ya makapi pia. Huku makapi yakianza kuingia gridi, jina la aliyelima nalo liingie kwenye hesabu, kuanzia mkataba wa kwanza.