Pilipili Niliyowawekea Kuku

Macho yangu yamepona, nawashukuru nyote mlioniulizia. Sasa acha nieleze mwenyewe kilichotokea, maana pale nyumbani kisa hiki kinaongezwa chumvi kila anapokuja mgeni, na hakihitaji chumvi. Pilipili iliyomo inatosha.

Chanzo ni ubahili. Kuku wa mayai hula gramu 120 hivi za chakula kwa siku. Ukisikia hivyo unaona si kitu. Mimi nina kuku 6, nikakaa nikapiga hesabu: kilo 5 kwa wiki! Nikatazama gunia linavyonywea, nikatazama bustani ilivyojaa panzi na magugu, nikasema hawa wakajitafutie. Nikafungua banda.

Siku za mwanzo nilijisifu mpaka nikawachosha watu. Kuku akichakura ni burudani. Anapiga mguu wa kulia, anapiga wa kushoto, anarudi nyuma kidogo kama mtu aliyeangusha sarafu, anaitazama ardhi kwa jicho moja, anadonoa. Nyungunyungu hayupo tena. Walikula panzi, wakala mchwa, konokono, mbegu za nyasi. Hata changarawe walimeza, na huo si uroho. Kuku hana meno, vijiwe ndivyo vinavyomsaidia kusaga chakula ndani ya firigisi. Siku moja mkubwa wao, tunayemwita Mwenyekiti, alitoka kichakani na mtoto wa panya mdomoni, akakimbia naye bustani nzima, wenzake watano wakimfukuza wamnyang'anye. Sikujua kuku ana roho hiyo. Tangu hapo simgeuzii mgongo.

Kasoro ilikuwa kwenye kabichi. Kwa kuku jani laini ni jani laini. Habari ya hili gugu na huu mche ni majina tuliyojitungia sisi. Jumatatu nilikuwa na miche 40. Jumatano nilihesabu 23, na kati ya hiyo 11 ilikuwa imelala chali, mizizi ikitazama mbingu. Ambayo hawakuila waliifukua, wakitafuta kilicho chini yake.

Mke wangu akasema, "Baba Watoto, weka wavu."

Wavu ni pesa. Tena jikoni kulikuwa na mfuko wa pilipili kavu iliyotwangwa, vipande vyekundu pamoja na mbegu zake. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mimi nikiigusa kwa ulimi naruka, je kuku mwenye kichwa kidogo kama kile? Atadonoa mara moja, atajuta, atawasimulia wenzake. Na kwa kuwa ubahili haulali, nikaichanganya na ndoo nzima ya majivu ili ienee. Nilichanganya kwa mikono. Hilo tuliweke akilini.

Jumamosi jioni nikaanza kunyunyiza kuzunguka miche iliyobaki. Kufika tuta la pili nilikuwa napiga chafya mfululizo, machozi yananitoka, lakini vita ni vita. Nikageuka kuona nimefika wapi. Kuku wote 6 walikuwa nyuma yangu kwa mstari, wanadonoa.

Nikasimama kusubiri waungue. Mwenyekiti akaokota kipande chekundu, akameza. Akaokota kingine. Akafuta mdomo ardhini, huku na huku, kisha akanikazia jicho moja, akageuza kichwa akanikazia la pili, kama mteja anayetaka kujua kama jikoni bado kimebaki chochote.

Binti yangu akatokea na daftari lake. "Baba, unawatilia viungo?"

"Nawafukuza."

"Kwa pilipili? Baba, ndege hawausikii ule mwasho. Unatuwasha sisi mamalia. Ndege ndio wanaokula pilipili mwitu na kuzisambaza mbegu zake."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Ulikuwa unapiga chafya, Baba."

Basi, chakula nimewaandalia. Kumbe na bafu pia. Kuku anapenda kuoga vumbi. Huchimba kishimo, akajilaza ubavu, akajimwagia vumbi mpaka liingie katikati ya manyoya, na hiyo ndiyo dawa yake ya chawa na utitiri. Vumbi lenye majivu ndilo analolipenda hasa. Dakika chache tu, kuku watatu walikuwa wamezama kwenye mchanganyiko wangu, mabawa yamefunuka, macho wameyafumba nusu kwa raha. Mmoja alikuwa amelalia mche.

Giza likaanza kuingia. Wenzao wakaenda bandani wenyewe, ila Mwenyekiti hakutaka kutoka bafuni. Nikaona nimbebe. Nikamwinua, nikamkumbatia kifuani, kichwa changu juu yake kidogo.

Sasa, kuku akimaliza kuoga hujikung'uta. Mwili mzima, kwa nguvu zake zote.

Akajikung'uta.

Sitaki kueleza sauti niliyotoa. Nilimwachia, nikakimbilia bombani kwa kumbukumbu ya njia tu, nikajifikicha macho kwa mikono ileile iliyochanganya ndoo. Kadiri nilivyonawa ndivyo uso ulivyozidi kuwaka. Kile kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki vizuri kwenye maji. Huyeyuka kwenye mafuta, na mimi nilikuwa nakieneza tu kutoka paji la uso hadi shingoni. Mke wangu akanikalisha kitako, akasafisha mikono yangu kwa mafuta na sabuni, akaniosha macho kwa maji mengi ya mtungi, uso akaupaka maziwa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini yeye alinipa pole. Alinipa pole nyingi. Sauti yake tu ndiyo ilikuwa inakatikakatika, na ingawa sikuwa naona, najua mtu anayelia na mtu anayejizuia kucheka.

Gunia limerudi. Mayai yalikuwa yameshuka kutoka 5 kwa siku hadi 2, maana panzi na majani ni kitoweo kizuri lakini havitoshi kutengeneza yai kila siku. Linahitaji protini ya kutosha, na ganda lake linahitaji chokaa. Wavu nao upo. Kabichi zilizosalimika ni 9. Viini vya mayai vimekolea rangi ya machungwa, na kila asubuhi mke wangu akivunja yai huliinamia na kusema, "Hii ndiyo kabichi yetu, Baba Watoto."

Kuku bado natoka nao jioni saa moja hivi kabla ya giza. Wakiniona tu nimeshika ndoo, yoyote ile, hata tupu, wanakuja mbio wote 6, Mwenyekiti mbele. Mimi siku hizi navaa miwani ya kuogelea.