Sokoni Ugenini, Mama Naye Hajui

Ukisafiri na mtoto mdogo, kila mtu ana ushauri wake. Huyu atakwambia bustani ya wanyama, yule makumbusho yenye mifupa ya dinosaria, mwingine atasisitiza mpande lifti hadi kileleni mwa mnara maarufu, ambako mtoto atatumia muda wote kuangalia viatu vyake. Mimi ninao mmoja tu: mpeleke sokoni. Soko la chakula, asubuhi, siku ya kwanza ikiwezekana. Kiingilio hakuna, na hilo si jambo dogo kwa anayelipia tiketi za familia nzima, lakini siyo sababu yangu. Ninachokipenda ni kwamba soko la ugenini ni mahali ambapo mama na mtoto wanaingia wakiwa sawa. Wote wawili hawajui kitu.

Umama humfanya mtu mjuzi kwa lazima. Tangu macho yanapofunguka unaulizwa: hiki nini, kinauma, kinaliwa, kimetoka wapi, na kwa nini? Unajibu. Usipojua, unajibu vilevile, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwa sababu kuna sufuria jikoni na hakuna nafasi ya kutafakari. Baada ya miaka michache mtoto anaamini kwamba mama hana asichokijua. Kibaya zaidi, mama mwenyewe naye ameanza kuamini.

Sasa simameni mbele ya meza ya samaki katika mji msioujua. Huyu ni samaki gani? Sijui. Analiwaje? Sijui. Mbona bado anachezesha mkia? Tumuulize mwenye meza. Hapo mtoto anaona jambo ambalo nyumbani halioni kirahisi: mtu mzima anafanyaje asipojua. Anatazama kwanza. Ananyoosha kidole, anauliza, anajibiwa kwa lugha isiyomwingia, anacheka, anauliza tena kwa ishara. Ungeweza kumhubiria mtoto mwaka mzima kwamba kuuliza si aibu, na asikusikie.

Tena mara nyingi yeye ndiye anayetangulia kuelewa. Soko la Cai Rang, huko Can Tho kwenye delta ya mto Mekong nchini Vietnam, liko juu ya maji. Mashua kubwa za wauzaji wa jumla zinatia nanga alfajiri, na wanunuzi wanapita katikati yake kwa vyombo vidogo. Kunadi kwa mdomo katika makelele ya injini ni kazi bure, kwa hiyo kila mashua husimamisha mti mrefu na kuning'iniza juu yake kile kinachouzwa. Nanasi juu, mananasi ndani. Kabichi juu, kabichi ndani. Mtoto ambaye hajajua kusoma analisoma soko zima bila msaada wa mtu, na anakwambia wewe uliyeshika simu ukitafuta tafsiri. Kisha anakutana na mitego. Zile nguo zilizoanikwa kwenye kamba, zinauzwa? Hapana, watu wanaishi humo mashuani na wamefua. Na mashua iliyoning'iniza kuti? Hiyo inajiuza yenyewe, mashua nzima. Nimewahi kusikia mijadala ya watu wazima isiyokuwa na mantiki nzuri namna hiyo. (Soko hilo limepungua sana tangu barabara zilipofika mpaka vijijini na mizigo ikahamia kwenye malori, kwa hiyo mwenye nia ya kwenda asijivute.)

Venice nako, kwenye soko la samaki karibu na daraja la Rialto, kuna kibao cha mawe cha zamani kilichoandikwa urefu wa chini kabisa wa kila aina ya samaki anayeruhusiwa kuuzwa. Mkunga asipungue sentimita 25, chaza 5, kome 3. Watoto huipenda sheria hii kuliko sheria nyingine yoyote duniani, kwa sababu inawalinda wadogo: aliye mfupi aachwe akue. Mpe mtoto rula, au mwambie apime kwa vidole vyake, na utapata nusu saa nzima ya amani.

Kuna jambo la saa pia, ambalo waandishi wa vitabu vya safari hawalisemi, labda kwa kuwa wao hulala. Watoto wadogo huamka mapema, na wakishavuka nusu ya dunia kwa ndege huamka mapema zaidi, saa kumi usiku, macho makavu, wakitaka kucheza. Hotelini kifungua kinywa bado. Makumbusho yanafunguliwa saa nne. Walioamka mjini ni wauza chakula tu. Tokyo, mnada wa jodari katika soko la Toyosu, lililochukua nafasi ya Tsukiji mwezi Oktoba 2018, hufanyika alfajiri, na wageni wanautazama kutoka juu nyuma ya vioo. Pale Januari 2019 jodari mmoja wa kilo 278 alinunuliwa kwa yeni milioni 333.6. Mtoto akisikia hivyo hataki tena kurudi kitandani. Usingizi ulioharibika unageuka kuwa tiketi.

Masoko yana adabu zake, na hapa ndipo ninapopumzika kuliko mahali pengine popote. Ufaransa, katika masoko mengi ya wazi, mnunuzi hatii mkono kwenye matunda. Muuzaji ndiye anayekuchagulia. Ukitaka tikiti utaulizwa kama ni la kula leo au kesho, na swali hilo si la mzaha. Ukisema leo mchana, atayageuza matikiti mawili matatu, atanusa kitako cha moja, atabonyeza kwa dole gumba pale lilipokuwa na kikonyo, alirudishe, achukue jingine, kisha akupe lile. Mtoto anayatazama haya yote mikono ikiwa nyuma, kwa sababu mtu mwingine, asiye mama yake, amemwambia asiguse. Utamu wake ni huo! Siku nzima mimi ndiye askari: usiguse, usikimbie, shuka hapo. Pale sokoni askari ni mwenye meza, na mimi na mwanangu ni raia wawili wanaotii pamoja. Kyoto, katika soko la Nishiki, wageni wanaombwa wasile huku wakitembea. Unanunua, unakula hapohapo mbele ya kibanda, unarudisha kijiti, unaendelea. Mama yeyote aliyewahi kumwona mtoto akikimbia na kijiti mdomoni angeitia sahihi sheria hiyo kwa mikono miwili.

Halafu kuna kula kwenyewe.

Watoto wengi, kati ya miaka miwili na sita, huogopa chakula wasichokizoea. Si ukorofi na si malezi mabovu. Ni hatua ya kukua, na wengi hutoka humo polepole. Wataalamu wanasema mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu kilekile mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Hesabu hiyo humchosha mama wa nyumbani, ambaye akishatupa sahani mara ya tatu anaacha. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aligawa kazi vizuri: mzazi aamue kinacholiwa nini, saa ngapi na wapi; mtoto aamue kama atakula na kiasi gani. Mezani nyumbani mgawanyo huo ni mgumu, maana mama aliyepika ana uchungu na alichopika. Sokoni hakuna aliyepika. Mimi nimechagua soko na saa; yeye anachagua meza.

Kwa hiyo ninampa sarafu chache, zake mwenyewe, anunue kitu kimoja ambacho hajawahi kukiona. Hapangiwi na halazimishwi kukila. Katika soko la Viktualienmarkt, Munich, alichagua kohlrabi: mboga ya duara ya zambarau yenye mikono mingi inayoota kila upande, kama kiumbe kilichodondoka kutoka sayari nyingine. Alimpa muuzaji sarafu moja moja, akisubiri mkono ujae. Hakukila. Alikipakata siku nzima, kwenye treni, bustanini, hadi chooni tukagombana kidogo. Usiku nilikimenya kwa kisu cha kuazima mapokezi ya hoteli. Ndani ni cheupe na kina maji mengi. Akalamba kipande, akakata kwa meno ya mbele, akasikiliza kinavyovunjika mdomoni, akatoa hukumu: "Ni maji yenye kelele." Kipande kilichobaki alinipa mimi.

Nikisimulia habari kama hizi, kuna mtu lazima aseme kwamba safari na mtoto mdogo ni pesa iliyotupwa, kwani hatakumbuka chochote. Huwa nashangaa. Hatakumbuka pia nilivyomwogesha, na hakuna aliyenishauri niache. Isitoshe, ulimi una kumbukumbu zake. Mtafiti Julie Mennella na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2001 ambamo akina mama walikunywa juisi ya karoti, wengine wakiwa wajawazito, wengine wakinyonyesha. Watoto wao walipoanza kulishwa, walikunja nyuso mara chache walipopewa uji wenye ladha ya karoti kuliko walipopewa uji mtupu; watoto ambao mama zao walikunywa maji hawakuonyesha tofauti hiyo. Hakuna mtoto kati yao anayekumbuka juisi hiyo. Mjamzito anayezunguka masokoni akionja hiki na kile kilicho salama kwake, basi, hayuko peke yake kwenye ziara.

Nina ugomvi mmoja na wazazi wenzangu, na ni kuhusu vigari. Soko lenye njia ya upana wa mabega mawili halikujengwa kwa kigari cha mtoto chenye magurudumu manne na mfuko wa vinywaji pembeni. Mbebe mtoto, au mwache atembee. Soko la La Boqueria, Barcelona, lilielemewa na watalii kiasi kwamba mwaka 2015 jiji likapiga marufuku makundi makubwa ya wageni kuingia siku za Ijumaa na Jumamosi hadi alasiri, ili wenyeji waweze kununua chakula chao. Mtu aliyekuja kununua samaki wa mchana hana haja ya kusubiri upige picha ya mwanao akiwa ameshika ngisi. Nunua kitu, hata tunda moja, ndipo upige picha. Na upange foleni. Bibi mwenye kapu aliyetangulia ana haki yake, hata kama mtoto wako analia.

Mambo ya usalama nayataja kwa haraka kwa kuwa wauzaji ni wakarimu mno kwa watoto. Asali asilambishwe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kijiko cha kuonja tu, kwa sababu ya hatari ya botulizimu, ugonjwa unaotokana na sumu ya bakteria. Zabibu nzima kwa mtoto wa chini ya miaka mitano zikatwe kwa urefu. Muuzaji akikunyoshea, pokea wewe kwanza, shukuru, kisha amua. Hakuna anayechukia.

Istanbul ningependa kila mama afike. Soko la viungo la Mısır Çarşısı lilijengwa katika miaka ya 1660 pamoja na msikiti wa Yeni Cami ulio jirani, na kodi za maduka zikawa za kuutunza msikiti. Msikiti wenyewe ulianzishwa mwaka 1597 na Safiye, mama yake sultani Mehmed III, ukasimama nusu kwa miongo mingi, kisha ukamaliziwa na Turhan, mama yake Mehmed IV. Mama mmoja alianzisha, mama mwingine akamalizia, na katikati yao kazi ililala zaidi ya nusu karne. Ninayajua mambo hayo. Nina sweta la kufuma lenye mkono mmoja. Ndani ya soko hakuna wa kukukataza kushika: muuzaji anakumiminia sumaki, kiungo chekundu chenye uchachu, kiganjani, unanusa, unalamba, mtoto anapiga chafya na duka zima linacheka.

Mwisho wa safari huja suala la kufungasha, kwa sababu mtoto aliyepewa sarafu anataka kuondoka na soko zima. Viungo vikavu kwa kawaida havina shida, lakini ni busara kuangalia masharti ya nchi unayokwenda. Nyama, maziwa na jibini ni hadithi nyingine: anayeingia nchi za Umoja wa Ulaya kutoka nchi nyingi zilizo nje ya umoja huo haruhusiwi kuvibeba mzigoni, isipokuwa vichache kama maziwa ya unga ya watoto wachanga, na hata hayo yana kikomo chake. Kwa hiyo jibini alilochagua mwenyewe baada ya kuonja manne, lile lenye harufu inayofungua milango, mlimalize kwenye benchi kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Bebeni mkate na kisu cha plastiki.