Kruza ya mtumba: mimi naitaka iliyotembea

Baridi ikiisha huku Marekani, matangazo ya pikipiki za mtumba hujaa kruza za Kijapani, zile pikipiki nzito zenye kiti cha chini: Honda Shadow, Yamaha V Star 650, Suzuki Boulevard C50. Wauzaji wengi wanajivunia maili chache. Ya mwaka 2006, maili 4,000 tu! Ndugu zangu, hizo ndizo ninazozikwepa.

Barabara inachakaza pikipiki, sikatai, lakini kusimama kunaiharibu kimyakimya. Petroli ikilala miezi ndani ya kabureta huacha utando unaoziba vitundu vyake, na V Star 650 ina kabureta mbili za kufunguliwa na kusafishwa. Betri inakufa, sili za shokapu zinakauka, maji ya breki yananyonya unyevu. Spidomita haikuonyeshi hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa hiyo namwomba mwenye mali asiiwashe kabla sijafika. Kitu cha kwanza ni kugusa injini. Nikiikuta ya moto, nataka kujua kwa nini, maana huenda anaficha kwamba inasumbua kuwaka ikiwa baridi. Nafungua tangi na kumulika ndani kwa tochi ya simu kutafuta kutu. Halafu nainama kwenye tairi. Mwisho wa msimbo unaoanza na DOT kuna tarakimu nne: 2314 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi kama hiyo inaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) nzima kabisa, ikamdanganya mgeni, kumbe mpira umeshakuwa mgumu. Kruza hizi zinazidi kilo 200. Kwenye lami iliyolowa, unategemea viganja viwili vya mpira kukushika na uzito wote huo. Usikubali kuambiwa "bado nzima".

Niletee yenye maili 30,000 na risiti za oili, tairi na breki, nitaikagua kwa moyo mweupe. Injini hizi zinavumilia safari, na nyingi zinaendeshwa kwa shafti, hakuna cheni ya kukaza wala kupaka grisi. Harley Sportster nayo ni nzuri, ila jina lake unalilipia, na kwa anayeanza sioni haja.

Hati ya umiliki isome ukiwa umesimama kando ya pikipiki, si baadaye. Namba iliyoandikwa humo isipolingana na iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, rudisha pesa mfukoni uende zako, hata kama bei ni ya kutupa.